Ndege Iliyoamshwa Bila Ubani

Mwezi uliopita jirani yetu hapa Thornton Heath alitoa mashine yake ya kukatia majani, ile kuukuu ambayo mkewe amemwambia miaka nenda miaka rudi aitupe. Akavuta kamba, akavuta tena, ikakohoa, ikatema moshi mweupe wa oili iliyoungua, na moshi ukaruka uzio mpaka upande wetu nilikokuwa naanika nguo. Mimi nikajikuta nimechutama nyuma ya pipa la taka, shuka la mtoto kichwani. Mwanamke mzima! Mwanangu mkubwa akatoka jikoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, kibanio. Ningemwambia nini, kwamba mama yake anaogopa mashine ya majani?

Mimi ni mwoga, sikatai. Lakini woga wangu haukushuka kutoka mbinguni, una mahali ulipoanzia. Ulianzia kwenye banda moja la bati nje kidogo ya London, upande ule ambako nyumba zinaanza kuachana na farasi wanaanza kuonekana. Huko Baba alikuwa akienda kila Jumapili kutengeneza ndege.

Baba alikuwa fundi wa mabasi. Siku za kazi alishinda chini ya mabasi gereji, na Jumapili, watu wengine wakienda sokoni au kanisani, yeye alikwenda kushinda chini ya kitu kingine. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu, mpole, mwenye vifaa vya kusikilizia masikio yote mawili, aliyekuwa na ndege ya kivita ya Kijapani ya zile enzi za Vita vya Pili. Aliipata ikiwa vipande vipande, vimetolewa porini kwenye kisiwa huko mbali, akaanza kuiunga. Watoto tuliambiwa tumwite Mzee Trevor.

Mzee Trevor alimtafuta Baba kwa sababu ya jinsi ndege ile ilivyokuwa ikiwashwa. Haikuwa na stata yake. Wajapani walikuwa wakileta lori dogo lenye shafti ndefu iliyotokeza mbele. Lori linasogea pua kwa pua na ndege, ncha ya shafti inaingia katikati ya propela, lori linaizungusha mpaka injini inashika, kisha dereva anarudi nyuma upesi kabla hajakatwakatwa. Lori la namna hiyo halipatikani siku hizi. Baba, ambaye gia na shafti ndiyo maisha yake, akamtengenezea jingine kutokana na gari kuukuu la bekari. Ubavuni lilikuwa bado na mchoro wa mkate.

Mimi nilikuwa katika ule umri wa meno ya mbele kung'oka, na Mama alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee hata Jumapili, kwa hiyo Baba alinibeba. Mwanzoni sikuiogopa. Ilikuwa mbavu tupu, unaona mpaka upande wa pili. Nilikaa kwenye tairi kuukuu, nikala sandwichi zangu, nikachora. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda ikavaa bati, kisha ikapakwa rangi ya kijani, kisha siku moja nikafika nikakuta maduara mekundu kwenye mabawa, na juu ya pua, mbele kabisa, mitutu miwili myeusi.

"Ile ya nini, Baba?"

"Ya risasi, mama."

Basi, akarudi kwenye nati zake. Hakuniambia kwamba yale yalikuwa mabomba ya maji tu aliyoyakata yeye mwenyewe na kuyapaka rangi. Watu wazima ndivyo walivyo, wanakujibu ulichouliza na kukuachia kilichobaki ukitafune peke yako. Na jioni hiyo hiyo, tukifunga banda, Mzee Trevor alisema neno ambalo Baba alinitafsiria kwa furaha, eti injini hii mara ya mwisho kunguruma ilikuwa vitani.

Ninyi wenzangu mliokulia enzi za kaseti za video mtanielewa. Nyumbani tulikuwa na video moja, na Mama alikuwa na tabia ya kuizima katikati ya filamu akaangalie mchuzi au akasali, na pengine asirudi tena siku hiyo. Ukiiwasha baadaye, inaendelea pale pale. Kofi lililoanza kurushwa Jumamosi linatua Jumatatu. Mimi nilijua hivyo ndivyo mashine zinavyofanya kazi. Kwa hiyo nikajua pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba ndege ile ilizimwa katikati ya kuua watu, na siku Baba atakapoiwasha itaendelea. Na Baba atakuwa amekaa kwenye gari la mkate, mbele ya mitutu, pua kwa pua.

Sikumwambia mtu. Nilihisi nikisema ndiyo nitakuwa nimeianzisha.

Ndipo Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Tabora kukaa nasi. Alikuja na galoni la asali lililoviringishwa ndani ya khanga tatu na mdomo usionyamaza. Mimi aliniita mke mwenzake, akaniambia nimemwibia marehemu Babu, na nikimjibu kwa Kiingereza alikuwa akisema, "Hicho Kizungu weka mfukoni, utakula nacho kesho." Baba yangu naye Bibi alimwita "baba," kwa kuwa Baba alikuwa amepewa jina la baba yake Bibi, na mtu hamwiti baba yake kwa jina kavu. Nilizoea. Nyumba nzima ilikuwa ikimwita Baba "baba," isipokuwa Mama.

Kuhusu ndege, Baba alikuwa amemwambia tu kwamba anamsaidia mzee fulani kutengeneza ndege kuukuu. Bibi alijivunia sana. Aliwaambia watu kwenye simu kwamba mwanawe anatengeneza ndege Ulaya, waelewe watakavyoelewa.

Siku moja alikuwa mezani jikoni anachambua mchele. Mchele wa dukani, umeoshwa, umepakiwa kwenye plastiki, hauna hata punje ya changarawe, lakini Bibi angeuchambua tu. Mimi nikamwekea mchoro wangu pembeni ya sinia, ndege ya kijani, maduara mekundu, na vistari vingi vikitoka kwenye mitutu.

"Hii ndiyo ya baba yako?"

"Ndiyo."

"Nzuri. Na huu wekundu? Ua?"

"Ni bendera yao, Bibi. Ni ya Wajapani. Ya vita."

Mkono wake ukasimama kwenye mchele. Akauchukua mchoro, akaugeuza chini juu, akaulaza mezani uso chini, akaendelea kuchambua, na nilimwona akitupa pembeni punje nzima nzima zisizo na kosa lolote.

Baba aliporudi kazini hawakunifukuza, walisahau tu kwamba nipo chini ya meza. Huko chini ndiko nilikosikia yote. Baba yake Bibi alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani, Bibi akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi. Mwenzake mmoja alirudi, akapita nyumbani kwao Tabora kusalimia, akasema walikuwa wanatengeneza barabara kwenye bonde, mvua inanyesha, ukatokea mlio nyuma ya kilima, wote wakajitupa mtaroni. Ndege zilipokwisha kupita wakainuka, wakahesabiana, yeye hayupo. Hakuna aliyemwona amekufa, wala aliyemwona mzima. Walichokuwa nacho ni huo mlio tu.

"Na wewe ukaenda kuitengeneza," Bibi alisema. Nilikuwa naiona miguu yake chini ya meza, kidole gumba kinapanda juu ya kingine.

"Ndiyo maana nilikubali, Mama. Nilitaka niifungue nione ndani kuna nini."

"Ukaona nini?"

"Vyuma, Mama. Vyuma na nati."

Friji ikazima yenyewe.

"Siku utakayoiwasha," Bibi akasema, "nitakuwepo."

"Mama, hapana. Baridi, na makelele yake si mchezo. Presha yako je?"

"Nataka kusikia alichosikia baba yangu. Kama kuna dhambi niambie."

Mimi chini ya meza nilikuwa nimelowa jasho. Kumbe si mtu yeyote tu! Ndege ile ilikuwa ikiwinda watu wa kwetu. Ilikuwa imeanza na baba wa Bibi, ikazimwa kabla haijamaliza, na sasa Baba, mwenye jina lile lile, anakwenda kuiamsha, na Bibi anajipeleka na miguu yake. Tumbo liliniuma kweli kweli, si kwa kusingizia.

Kusingizia kulikuja baadaye. Jumapili ilipofika nilisema naumwa. Mama alinigusa paji la uso, akanipa kijiko cha dawa, akanivalisha soksi mbili mbili. Nikamwambia Bibi kwamba huko kuna mbwa mkali. Bibi akasema mbwa wa Kizungu wanalala kitandani, hawana ukali wowote. Nikaficha kiatu chake kimoja ndani ya mashine ya kufulia, akavaa vya Mama. Ndani ya gari nilikaa naye nyuma nimemshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mtoto akiona mtu mzima anaogopa, aende wapi?

"Bibi, usisimame mbele yake."

"Nitasimama nitakapoona."

"Simama nyuma. Tafadhali."

Alinitazama, akanivuta kifuani kwenye lile koti lake zito la mitumba lililonuka ubani.

Ndege ilikuwa imeshatolewa bandani, imesimama kwenye majani yenye umande, pua juu, mitutu inatazama njia tuliyokuja nayo. Mzee Trevor alikuwa amevaa tai kwa ajili ya Bibi. Alimwandalia kiti cha kukunja, blanketi, na chai ya maziwa ndani ya chupa. Akamletea na vizibo vya masikio, vile vikubwa vya kuvaa kichwani. Bibi akavitazama, akamgeukia Baba.

"Nimekuja kusikia, huyu ananiziba masikio?"

Baba alitafsiri kwamba mama yake anashukuru sana, atavivaa baadaye.

Kisha wanaume wakaanza kuivuta propela kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, panga hili, panga lile, polepole. Baba aliniambia kwamba oili huwa inashuka na kujaa kwenye silinda za chini, usipoitoa kwanza injini inajipasua yenyewe. Kila panga lilipopita, ndani kulilia kitu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nikahesabu mitutu. Bado miwili. Nikageuka kumtafuta Bibi, kiti kitupu.

Alikuwa nyuma ya gari letu, amechuchumaa, anapuliza. Ndani ya mkoba wake alikuwa amekuja na chetezo, mkaa, kibiriti, na ubani wa mawe uliofungwa kwenye karatasi. Mkaa ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. Akainuka na chetezo chake mkononi, moshi unapanda, midomo inasoma, akaenda moja kwa moja kwenye ile ndege iliyojazwa petroli muda mfupi uliopita.

Sijapata kumwona mzee wa Kiingereza akikimbia vile. Tai imeruka begani, mikono juu, anapiga kelele ambazo hata Bibi hakuhitaji kutafsiriwa. Baba alimfikia kwanza.

"Mama! Mama, petroli! Tutalipuka sote hapa!"

"Na wewe utaiamsha hivi hivi? Bila hata ubani?"

"Mama, moto na petroli, tafadhali, lete hapa."

"Hii imekula watu, baba. Imekula watu wetu. Gari tu mnalifukiza, baiskeli mnaifukiza, hii ndiyo uiamshe mikono mitupu?"

Baba alikichukua chetezo kwa ncha za vidole, akakimbia nacho mbali kwenye matope, akakikanyaga mpaka kikafa. Mzee Trevor alikuwa ameshika goti anahema. Watu wengine wangecheka, na mimi nilipokua nimesimulia kipande hiki harusini watu wakashika mbavu. Lakini siku ile sikucheka. Nilikuwa nimemsikia Bibi kwa masikio yangu: imekula watu wetu. Na kinga tuliyokuwa nayo, Baba ameikanyaga kwenye matope.

Bibi akasogea mikono mitupu. Akaweka kiganja kwenye bati la ndege, akasoma alichosoma, akaipulizia. Akarudi nyuma, lakini si mpaka kwenye kiti. Akasimama pembeni kidogo ya mbele, mahali anapoiona nayo inamwona. Nikaenda nikasimama mbele yake, nimetanua mikono ili koti langu liwe pana.

Mzee Trevor akapanda ndani, kichwa chake kidogo chini ya kioo. Baba akaliendesha gari la mkate taratibu mpaka shafti ikaingia kwenye pua ya propela, na vitu vile viwili vikawa vimeshikana, pua kwa pua. Nilikuwa naona uso wa Baba nyuma ya kioo. Juu yake kidogo, mitutu.

Gari likanguruma. Propela ikazunguka. Ndege ikakohoa mara moja, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu kwa lugha zote mbili. Imekufa, nikasema moyoni, haiwezi, imezeeka, twende nyumbani. Mzee Trevor akapunga mkono. Wakaanza tena.

Mara hii ilikohoa, ikakohoa tena, ikapiga kishindo, ulimi wa moto ukatoka kwenye bomba la ubavuni, na kisha yote ikashika kwa pamoja. Jamani. Sijui niuelezeje mlio ule. Haukuingia masikioni, uliingia kwenye miguu. Meno yangu yaliyobaki yaligongana. Majani yalilala chini, moshi ulituzoa mimi na Bibi, oili inanuka puani, macho yanachoma, na ndani ya moshi ule sikumwona Baba.

Upepo ulipoupeleka pembeni nikamwona. Shafti ilikuwa imejichomoa, lakini gari la mkate halikurudi nyuma. Gia imekataa. Baba anavuta, anasukuma, bega zima linafanya kazi, na mbele yake, umbali wa mtu kunyoosha mkono, ile propela imegeuka kitu kisichoonekana. Nikapiga kelele, "Baba!" Na juu ya kichwa changu Bibi naye anapiga kelele, "Baba! Baba, toka!" Najua alisema hivyo kwa kuwa niliona mdomo wake. Sauti zetu zote mbili zilimezwa. Tuliita kwa nguvu zetu zote, hata sisi wenyewe hatukujisikia.

Gari likaruka nyuma kwa kishindo, likarudi, likarudi, mpaka likagonga uzio. Baba akashuka anacheka, amenyoosha gumba juu. Nilitaka kukimbia kwake. Hapo Mzee Trevor akaiongezea injini mafuta, na mlio ukabadilika, ukapanda, ukawa mwembamba na mkali. Nikahisi mkono wa Bibi umeniachia bega.

Nikageuka. Bibi alikuwa anakwenda chini. Hakuanguka. Alishuka polepole, mkono mmoja ukitafuta ardhi, mpaka akakaa kwenye majani yale yaliyolowa, akanyoosha miguu yote miwili mbele. Khanga ya kichwani ilikuwa imepeperuka, nywele nyeupe zimesimama kwa upepo. Macho yake yalikuwa wazi, hayanitazami.

Imempiga. Ndivyo nilivyojua. Nimesimama mbele yake lakini mimi mfupi, risasi imepita juu ya kichwa changu. Nikamrukia. Nikalifungua koti lake vifungo vyote, nikapapasa kifuani, tumboni, ubavuni, natafuta tundu, natafuta damu, vidole vyangu vya baridi vinapita kila mahali na yeye ananiachia tu. Nikamwinua mkono nikatazama chini yake. Nilikuwa nalia kamasi zimefika mdomoni. Mlio ulipokatika ghafla, ndipo nilipojisikia nikisema, "Iko wapi, iko wapi, iko wapi."

"Nini, mke mwenzangu?"

"Risasi."

Bibi akanikamata mikono yote miwili, akaikusanya kwenye mapaja yake. "Sijaumia," akasema. "Nimekaa tu."

Nyuma yetu Mzee Trevor alikuwa anashuka kwenye ndege, analia kwa furaha, anamkumbatia Baba, anampiga mgongoni. Baba naye anacheka, uso mweusi kwa oili. Kisha akatuona. Akamwona mama yake alivyokaa, miguu imenyooka, kichwa wazi. Kicheko kikamtoka usoni. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaja, akakaa kando yake kwenye majani, bega kwa bega, na yeye akanyoosha miguu. Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba tuko watatu, tunapumua, ndege imezimwa na hakuna aliyekufa. Nilijisikia mwepesi kiasi kwamba niliomba sandwichi.

Njiani nilikula, nikaimba. Hakuna aliyeimba nami, sikujali. Tumerudi sote!

Tulipofika nyumbani Bibi hakuvua hata koti. Alimwambia Mama, "Mwanangu, sogeza viti." Mama akamtazama Baba, Baba akaitika kwa kichwa. Wakasukuma makochi ukutani, wakatandika mikeka na mablanketi sebuleni. Baba akachukua simu, akaanza kupigia watu mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia maneno yale yale, kwa sauti ya chini: "Tuna msiba hapa nyumbani."

Wimbo ukanikauka mdomoni. Msiba wa nani? Nikawahesabu tena. Baba huyu, Mama huyu, Bibi huyu. Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha korido.

Jioni ile ile walianza kuingia. Manesi wa Kitanzania waliotoka zamu na sare zao, dereva Mkenya wa gereji kwa kina Baba, mama wa Kikongo wa mtaa wa pili aliyekuja na sufuria la wali bila kuuliza maswali. Viatu vikajaa mlangoni. Wanawake wakakaa na Bibi kwenye mikeka, wakamshika mkono mmoja mmoja, pole bibi, pole sana. Nesi mmoja akamnong'oneza Mama jikoni, marehemu ni nani?

"Babu yake Baba watoto."

"Maskini. Aliumwa siku nyingi?"

Mama akakaa na kijiko hewani. "Alikuwa mbali siku nyingi," akasema.

Mimi nilipenya katikati ya miguu ya watu mpaka kwa Bibi. "Nani amekufa?"

"Baba yangu."

"Lini?"

"Leo, mjukuu wangu. Leo nimesikia."

Nikaganda pale pale. Nilijua! Nilijua tangu kwenye kaseti, na hakuna aliyeniamini kwa kuwa hakuna niliyemwambia. Ilikuwa imeendelea pale ilipoishia. Nilikuwa nimetazama upande usio wenyewe, nimemkinga Bibi, nimemwangalia Baba, na huko nyuma ya moshi, kwenye mtaro fulani wenye mvua, ikammaliza aliyebaki. Kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba siku ile nilikuwepo mtu akiuawa, na mpaka leo kuna siku siwezi kujiambia kwamba nilikosea.

Baba akaja na simu, akaiweka mkekani mbele ya Bibi, akabonyeza ili sauti isikike. Ilikuwa Tabora, dada yake Bibi, mkubwa wake, mzee sana. Bibi akainamia simu.

"Dada, baba amefariki."

Unasikia tu waya unavuma.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia mwenyewe, dada. Hakuna aliyeniambia."

Bibi akawageukia wale wanawake, akawaeleza taratibu, kana kwamba anaomba radhi. Mama yao alikuwa amewakataza kulia. Alisema yeyote atakayemlilia baba yao ndiye atakayemwua, na kwa hiyo nyumbani kwao hakukuwa na tanga, hakukaliwa eda, hakukusomwa hitma, mama akasubiri mpaka akazikwa yeye, na wao wakaendelea kusubiri kwa niaba yake.

"Dada?" Bibi akaita. "Upo?"

Ikatoka sauti ndogo kwenye simu, si ya mzee hata kidogo.

"Nilie?"

"Lia, dada," Bibi akasema. "Mama hayupo wa kutukataza. Lia."

Akalia, na sisi sote sebuleni tukamsikiliza mpaka kadi ya simu ikaisha.